Nyasi zikikauka, udongo haujafa

Februari hapa Dar, kiwanja cha mpira mtaani kwetu huwa vumbi tupu, na utasikia mtu akisema ardhi imekufa. Wengine husema kinyume: joto huchangamsha vijidudu, basi jua likiwaka ndipo udongo unapopumua sana. Wote wamekosea, ingawa hawa wa pili wameshika nusu ya ukweli.

Udongo kupumua ni mizizi, bakteria na kuvu kutoa kaboni dioksidi. Joto huongeza kasi, ila lazima pawe na unyevu. Bila maji bakteria wengi hulala tu, hata kukiwa na nyuzi joto 35. Mvua nayo ikizidi, maji huziba vitundu vya hewa, pumzi ikapungua tena.

Utamu uko kwenye manyunyu ya kwanza ya masika. Ndani ya saa chache udongo mkavu hufumuka na kutoa kaboni dioksidi kwa fujo, halafu siku kadhaa baadaye hutulia. Mtafiti wa udongo H. F. Birch, aliyefanya kazi Muguga, Kenya, aliandika juu ya hili mwaka 1958. Elimu ya hapa jirani kabisa. Ile harufu ya vumbi lililolowa, lakini, ni kitu kingine: kaboni dioksidi haina harufu.