Mtumishi wa skuli mwenye silaha: maana yake katika sheria

Katika skuli nyingi za Serikali hapa Pemba, kuanzia Chake Chake hadi Wete na Micheweni, ukitaja ulinzi watu hufikiria mzee mmoja mwenye tochi, rungu na bunda la funguo, ambaye zamu yake hasa huanza wanafunzi wakishakwenda zao nyumbani. Analinda madeski, mabati, kompyuta na milango. Watoto wenyewe, wakati wa masomo, wako mikononi mwa walimu wao. Kwa hiyo msomaji wa hapa anapokutana na habari za nchi za nje kuhusu sheria za watumishi wenye silaha katika skuli za umma, hujikuta anakisia maana, kwa sababu anayezungumzwa si yule mlinzi wa usiku aliyeongezewa bunduki. Ni mtu aliyeruhusiwa kisheria kuwa na silaha ya moto ndani ya skuli wakati wanafunzi wamo, kwa nia ya kuwalinda wao.

Dhana hiyo imekua zaidi nchini Marekani, na maneno yake yanawachanganya watu watatu ambao sheria inawatenga. Yupo askari polisi aliyepangiwa skuli, ambaye amekula kiapo cha polisi, ana mamlaka ya kukamata na anawajibika kwa mkuu wake wa polisi. Yupo mlinzi aliyeajiriwa kwa kazi ya ulinzi peke yake, na ambaye hana mamlaka ya polisi. Halafu yupo yule anayezusha ubishi mkubwa zaidi: mwalimu, karani, msaidizi wa mwalimu mkuu au hata mpishi, ambaye kazi yake ni nyingine kabisa, lakini amepewa idhini ya kubeba bastola akiwa kazini. Mtu akiuliza kama nchi fulani inaruhusu silaha skulini bila kusema ni yupi kati ya hawa anayemkusudia, hatapata jibu la maana, na nadhani nusu ya mabishano ya jambo hili yanatokana na kosa hilo dogo.

Mahali pa kuanzia ni katazo, kwa kuwa idhini yoyote inayotajwa huko ni tundu lililotobolewa katika ukuta wa katazo. Mwaka 1990 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya maeneo ya skuli yasiyo na bunduki, iliyofanya kuwa kosa kwa mtu kuwa na bunduki katika eneo la skuli au ndani ya futi 1,000 kutoka kwenye mipaka yake, yaani zaidi kidogo ya mita 300. Miaka miwili baadaye mwanafunzi wa darasa la mwisho la sekondari mjini San Antonio, Texas, alikamatwa skulini na bastola. Kesi yake ilipanda hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 1995, katika shauri linalojulikana kama Marekani dhidi ya Lopez, majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba sheria hiyo ilikuwa batili. Majaji hawakusema kwamba mwanafunzi ana haki ya kwenda na bastola darasani. Walichosema ni kwamba Katiba iliipa serikali ya shirikisho mamlaka ya kusimamia biashara baina ya majimbo, na kuwa na bunduki karibu na skuli si biashara, basi Bunge hilo lilikuwa limeingia katika jambo lisilokuwa lake. Mwaka 1996 Bunge liliirudisha sheria ileile kwa kuongeza sharti kwamba bunduki inayohusika iwe imepita katika biashara ya majimbo au ya nje, sharti ambalo karibu kila bunduki inalitimiza.

Nimekaa na kesi hii kwa sababu swali lake, jambo hili ni la nani, litatufaa tukirudi Zanzibar. Kwa sasa itoshe kusema kwamba sheria hiyo ya shirikisho iliacha milango. Haimgusi askari polisi aliye kazini. Haimgusi mtu mwenye leseni iliyotolewa na jimbo ambalo skuli imo, ikiwa jimbo limemhakiki kabla ya kumpa. Wala haimgusi aliye na mkataba na skuli, au anayeitumia silaha katika mpango ulioidhinishwa na skuli. Kupitia milango hiyo kila jimbo limejitungia utaratibu wake, na ndiyo maana hakuna sheria moja ya Marekani kuhusu mwalimu mwenye bastola. Zipo sheria nyingi zenye masharti yanayopishana sana.

Texas ni mfano mzuri wa namna kanuni zinavyoingia katika mambo madogo. Mwaka 2013, miezi michache baada ya mauaji ya watoto 20 na watu wazima 6 katika skuli ya Sandy Hook, jimbo la Connecticut, Texas iliunda cheo maalumu cha mlinzi wa skuli anayechaguliwa miongoni mwa watumishi wenyewe. Mtumishi huyo hupewa mafunzo ya saa 80 na kupimwa akili, na jina lake ni siri. Sheria ilivyotungwa wakati huo, ikiwa kazi yake ya kila siku inamkutanisha na wanafunzi ana kwa ana, bastola yake haikutakiwa kuwa kiunoni bali ifungiwe katika kasha mahali pa karibu. Hata risasi zilitajwa: ziwe za aina inayovunjikavunjika inapogonga kitu kigumu, ili zisipenye ukuta na kumfikia mtoto wa darasa la pili. Mtunga sheria aliyeandika sharti kama hilo alijua vizuri kwamba hatari haiko upande wa mvamizi peke yake. Baada ya mauaji ya tarehe 24 Mei 2022 katika skuli moja ya mji wa Uvalde, Texas, ambapo watoto 19 na walimu 2 waliuawa, jimbo hilo lilihama kutoka kuruhusu kwenda kulazimisha: sheria ya mwaka 2023 inataka kila skuli ya umma iwe na angalau mlinzi mmoja mwenye silaha wakati wa masomo.

Florida ilichukua njia yake baada ya mauaji ya watu 17 katika skuli ya sekondari ya Parkland, Februari 2018. Sheria ya mwaka huohuo iliagiza kila skuli iwe na mtu wa ulinzi, na ikaanzisha mpango wa walinzi uliopewa jina la kocha mmoja aliyeuawa siku hiyo, wenye mafunzo ya saa 144. Mwanzoni mwalimu ambaye kazi yake ni kufundisha darasani tu hakuruhusiwa kuingia. Mwaka 2019 aliruhusiwa.

Saa za mafunzo ndizo zinazoonesha vizuri zaidi kwamba ubishi huu ni wa tafsiri ya neno. Katika jimbo la Ohio bodi inayosimamia skuli za wilaya moja iliwaruhusu watumishi wake kubeba silaha baada ya mafunzo mafupi ya siku chache, na baadhi ya wazazi wakaishitaki. Swali mbele ya mahakama lilikuwa hili: mtumishi aliyeruhusiwa kubeba silaha, je, sasa anahesabiwa kuwa mtu wa ulinzi, au amebaki kuwa mwalimu? Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Ohio iliamua kwamba, kwa jinsi sheria ilivyoandikwa, mtu anayekwenda kazini skulini na silaha lazima awe na mafunzo ya msingi ya polisi, ambayo yalizidi saa 700, au awe na uzoefu wa miaka 20 katika kazi hiyo. Wabunge wa jimbo hawakupendezwa na jibu hilo. Mwaka uliofuata walibadilisha sheria, na mafunzo yanayodaiwa na jimbo yakawa yasiyozidi saa 24, ingawa bodi ya wilaya inaweza kudai zaidi. Mtumishi ni yuleyule na bastola ni ileile, lakini ndani ya mwaka mmoja alichotakiwa kujua kilishuka kutoka mafunzo ya miezi hadi siku tatu.

Kisha kuna suala la nani anatoa idhini na nani anaambiwa. Tennessee, ambako watu 6, watatu kati yao wakiwa watoto, waliuawa katika skuli moja ya binafsi mjini Nashville mwaka 2023, ilipitisha sheria mwaka 2024 inayotaka mwalimu apate ridhaa ya mwalimu mkuu, ya mkurugenzi wa skuli za wilaya na ya mkuu wa polisi wa eneo, pamoja na mafunzo ya saa 40 kila mwaka. Mzazi hayumo katika orodha hiyo, na hatakiwi kuambiwa kama mwalimu wa mwanawe ana bastola. Wanaoitetea wanasema siri ndiyo inayomtisha mvamizi. Kwa maoni yangu hapa ndipo sheria hizi zilipo dhaifu zaidi, kwa kuwa mzazi anamkabidhi mwalimu ulezi wa mtoto kwa muda, na ni vigumu kuelewa vipi aliyekabidhi afichwe jambo zito kiasi hicho.

Wakati mwingine sheria inaruhusu na mkataba wa bima unakataa. Kansas iliporuhusu watumishi kubeba silaha mwaka 2013, kampuni iliyokuwa ikizikatia bima wilaya nyingi za skuli za jimbo hilo ilitangaza kuwa haitazibeba skuli zitakazofanya hivyo, na ruhusa ikabaki kwenye karatasi. Nje ya Marekani, mamlaka za mkoa wa Khyber Pakhtunkhwa nchini Pakistan ziliruhusu walimu kubeba silaha mapema mwaka 2015, baada ya shambulio la Peshawar la Desemba 2014 lililoua wanafunzi zaidi ya 130. Wapo walimu wa huko waliosema wazi kwamba kazi waliyoajiriwa ni kufundisha.

Tukirudi visiwani, dhana hii ingekutana kwanza na mgawanyo wa mamlaka. Elimu ya msingi na sekondari si jambo la Muungano: skuli zetu ziko chini ya Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, na Sheria ya Elimu namba 6 ya mwaka 1982 ni ya Zanzibar. Polisi, pamoja na ulinzi na usalama, ni mambo ya Muungano. Mwalimu wa Mkoani angekuwa mwajiriwa wa upande mmoja, na bastola yake ingeingia katika mambo ya upande wa pili. Huko Marekani, tena, mwajiri anayeamua ni bodi ya wilaya ambayo kwa kawaida huchaguliwa kwa kura na wakaazi, kwa hiyo wasioridhika wanaweza kuiondoa. Kwetu hakuna chombo cha namna hiyo, na kwa miaka mingi kilichobishaniwa kuwa mkononi mwa mwalimu ni bakora.

Bunduki yenyewe si kitu kisichoonekana kabisa katika skuli zetu. Huja wakati wa mitihani ya taifa, begani kwa askari polisi anayesindikiza bahasha za maswali, na mitihani hiyo iko chini ya Baraza la Mitihani la Tanzania, ambalo nalo ni jambo la Muungano. Askari huyo si mtumishi wa skuli kwa maana yoyote iliyoelezwa hapa. Anachokilinda ni karatasi, na zikishakusanywa na kufungwa, anaondoka nazo.