Je, wajua kwa nini sauti ya VCD inaweza kutengwa na picha kwa sekunde chache tu?

Chukua VCD ya taarab au ya kwaya yenye saa nzima ya nyimbo. Ukiicheza, utakaa nayo saa nzima. Lakini faili yake ikishanakiliwa kwenye kompyuta, programu huria ya ffmpeg huitenga sauti kwa sekunde chache. Inawezekanaje?

Wengi hudhani kompyuta huicheza video na kuirekodi sauti yake upya kwa kasi. Ndiyo maana huchagua WAV (faili ya sauti isiyobanwa), au MP3 ya kilobiti 320, wakiamini sauti itatoka safi zaidi. Sivyo. Sauti ya VCD ilishabanwa diski ilipotengenezwa, kwa mfumo wa MP2: kilobiti 224 na sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde. Kilichotupwa siku ile hakirudi. WAV itakupa megabaiti zipatazo 635 kwa saa badala ya 101, na ndani yake mna sauti ileile. MP3 inapunguza ubora zaidi, kwa sababu inabana kilichokwisha kubanwa na kutupa kwa mara ya pili. Kwa 320 si rahisi kuisikia tofauti. Kwa 128 sikiliza makofi na matoazi, hapo ndipo sauti huanza kuchakaa. Hakuna haja ya kubadilisha chochote: sauti imo tayari, ni ya kuchomolewa tu.

Kanuni za VCD ziliwekwa mwaka 1993. Diski ikichezwa, husomwa vipande 75 kila sekunde, na kila kipande hubeba pakiti ya picha au ya sauti. Fikiria shanga za rangi mbili zilizotungwa kwenye uzi mmoja: nyeupe ni picha, nyekundu ni sauti. Katika kila shanga 75, nyekundu ni kama 12. Rangi ni alama iliyoandikwa mwanzoni mwa pakiti: E0 kwa picha, C0 kwa sauti. Ffmpeg hupita kwenye uzi, huacha nyeupe, huchukua nyekundu na kuzitunga upya kwa mpangilio uleule. Hakuna shanga inayosagwa wala kuchongwa, ndiyo maana kazi ni nyepesi hata kwa kompyuta kuukuu.

Kwenye Windows, fungua folda ya MPEGAV, nakili faili ya AVSEQ01.DAT, kisha andika kwenye dirisha la amri:

ffmpeg -i AVSEQ01.DAT -vn -c:a copy wimbo.mp2

-vn huacha picha; copy ndiyo inayozuia kubana upya. Ukiisahau, ffmpeg itabana tena bila kukuuliza. Simu ikikataa MP2, weka programu ya kuchezea ya VLC, au tengeneza nakala ya MP3 ya 256 na uitunze MP2 kama asili.

Kwenye Linux, kunakili faili hiyo kwa njia ya kawaida mara nyingi hugoma katikati. Mfumo hutarajia baiti 2048 kwa kila kipande, ilhali vipande vya VCD hubeba 2324. Tumia programu ya MPlayer:

mplayer vcd://2 -dumpstream -dumpfile diski.mpg

Namba ni 2 kwa kuwa njia (track) ya kwanza ya diski imewekewa orodha ya mafaili. Nyimbo huanzia ya pili. Kisha ipe ffmpeg hiyo diski.mpg.

Zile baiti za ziada zina gharama. Zilipatikana kwa kuondoa tabaka moja la kurekebisha makosa, kwa hiyo mkwaruzo ambao CD ya data ingeuvumilia, VCD huusikia. Fremu moja ya MP2 ni milisekunde 26. Ikiharibika utasikia mkato mfupi. Futa diski kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, kisha jaribu draivu nyingine, maana hazisomi kwa uwezo sawa.

DVD hufuata utaratibu uleule, ila mafaili huishia na .VOB, sampuli ni 48,000, na sauti mara nyingi hubanwa kwa mfumo wa AC-3, hivyo jina la faili liishie na .ac3.

VCD za karaoke zinahitaji uangalifu wa pekee. Baadhi huweka ala tupu upande mmoja na ala pamoja na mwimbaji upande wa pili. Ukizigeuza kuwa mono (sauti ya mkondo mmoja), pande hizo huchanganyika na huwezi tena kuzitenganisha. Kwa copy zinabaki zimetengana, na ala za upande wa kushoto unazipata hivi:

ffmpeg -i wimbo.mp2 -af "pan=mono|c0=c0" ala.wav

Ukisikia mwimbaji bado yumo, weka c0=c1 badala ya c0=c0.