Homoni, sumu na seli shina za titi: kwa nini umri wa kuguswa una uzito wake

Moyo na figo za mtoto huwa zimeshajengeka siku anapozaliwa. Kilichobaki ni kukua. Titi haliko hivyo. Mtoto wa kike huzaliwa na vifereji vichache tu nyuma ya chuchu. Ujenzi wenyewe huanza anapovunja ungo, huendelea kila mwezi wa hedhi, na hufikia ukamilifu anapobeba mimba na kunyonyesha. Anayetoa amri ni homoni, hasa estrojeni na projesteroni kutoka kwenye ovari. Anayefanya kazi ni seli shina.

Seli shina ni seli mama. Ikigawanyika, mmoja wa watoto wake huweza kubaki seli shina, na mwingine akaenda kuwa seli ya kifereji au seli ya kutengeneza maziwa. Mwaka 2006 watafiti wa Melbourne, Australia, walitoa seli moja tu ya namna hii kwenye titi la panya, wakaipandikiza kwa panya mwingine aliyeondolewa tishu za titi. Seli hiyo moja ikajenga titi zima. Seli ya kawaida huchakaa na kufa, na kasoro zake hufa nazo. Seli shina hukaa miaka mingi, na kasoro iliyoingia kwenye vinasaba vyake huwarithisha wote watakaotoka kwake.

Seli shina za titi zenyewe hazina vipokezi vya estrojeni wala vya projesteroni, yaani zile protini ndani ya seli zinazoipokea homoni. Amri huzifikia kupitia jirani. Seli za pembeni zenye vipokezi zikipata projesteroni hutoa protini iitwayo RANKL, na hiyo ndiyo inayoiamsha seli shina. Mwaka 2010 timu ya Toronto, Kanada, ilionyesha kwamba kwa panya seli hizi huongezeka hadi mara 14 wakati projesteroni iko juu katika mzunguko. Timu ya Melbourne ikapata ongezeko la mara 11 katikati ya ujauzito. Kugawanyika si ugonjwa. Ila kila seli inapogawanyika vinasaba vyote hunakiliwa upya, na katika kunakili ndipo makosa huingia. Ndiyo maana mwanamke aliyevunja ungo mapema, au aliyechelewa kukoma hedhi, hatari yake ya saratani ya matiti iko juu kidogo kuliko ya mwenzake: titi lake limepita kwenye mizunguko mingi zaidi.

Sumu ileile, umri tofauti

Baada ya mabomu ya Hiroshima na Nagasaki mwaka 1945, wanawake waliopigwa na mionzi wakiwa chini ya miaka 20 ndio walioongezeka zaidi kwa saratani ya matiti, kuliko waliopigwa na kiasi kilekile wakiwa watu wazima. Na saratani hizo hazikutokea mara moja. Zilisubiri wasichana wale wafike umri ambao ugonjwa huu huonekana kwa kawaida.

Mfano wa pili ni wa homoni yenyewe. Kuanzia miaka ya 1940 hadi 1971, madaktari wa Marekani waliwaandikia wajawazito estrojeni ya maabara iitwayo dietilistilbestroli, wakitumaini kuzuia mimba kuharibika. Utafiti uliofanyika Chicago na kutolewa mwaka 1953 ulionyesha haizuii lolote, lakini dawa iliendelea kutolewa kwa karibu miaka 20 mingine. Mwaka 1971 Arthur Herbst na wenzake wa Boston walitoa taarifa ya wasichana na wanawake vijana 8 wenye saratani ya uke ya aina ambayo karibu haionekani katika umri huo. Mama wa 7 kati yao walikuwa wamepewa dawa hiyo walipobeba mimba zao. Waliomeza dawa ni akina mama. Saratani hiyo ikawatokea mabinti, kwa sababu ndani ya tumbo ndimo seli za njia ya uzazi zilikuwa zikipangwa, na estrojeni ngeni ikaingilia mpango huo.

Kisha DDT, dawa ya kuua wadudu. Huko Oakland, California, damu ya wajawazito ilichukuliwa na kuhifadhiwa kati ya 1959 na 1967, wakati DDT ikinyunyizwa kwa wingi. Mabinti zao walifuatiliwa kwa zaidi ya miaka 50. Wale ambao damu ya mama zao ilikuwa na kiwango kikubwa zaidi cha aina moja ya DDT walikuwa na hatari inayokaribia mara 4 ya kupata saratani ya matiti kabla ya miaka 52. Uhusiano wa namna hii peke yake haukati shauri, lakini ukiwekwa pamoja na majaribio ya wanyama ni mzito. Mwaka 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya WHO, liliiweka DDT kwenye kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani kwa binadamu.

Kwetu jambo hili halitoki mbali. DDT ilipuliziwa ndani ya nyumba za Zanzibar katika kampeni ya malaria ya mwishoni mwa miaka ya 1950 na miaka ya 1960, na Mkataba wa Stockholm, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti kemikali zenye sumu, bado unaruhusu itumike dhidi ya mbu waenezao magonjwa. Kupulizia kuta dhidi ya mbu, kwa kusimamiwa na wataalamu, kunaokoa maisha, na hatumshauri mtu kukataa. Kinachotutia wasiwasi ni kiuatilifu kinachopimwa kwa kifuniko cha soda dukani, kikamwagwa kwenye gunia la maharage, au kikahifadhiwa uvunguni mwa kitanda.

Dumu la kiuatilifu likiisha, tia maji robo yake, funga, tikisa kwa sekunde 30, mimina maji hayo ndani ya bomba la kupulizia yakatumike shambani. Rudia mpaka mara 3, kisha litoboe. Lisipotobolewa litarudi jikoni likiwa na maji ya kunywa, na harufu kuisha si dalili kwamba sumu imekwisha. Nguo za aliyepulizia zifuliwe siku hiyohiyo, peke yake, na maji yake yasimwagwe karibu na kisima. Na hapa tunaomba kwa dhati: asipewe kufua nguo hizo mjamzito, wala binti wa miaka 11 au 12. Katika nyumba nyingi ni yeye hasa anayetumwa, na ni yeye ambaye seli shina za matiti yake ziko kazini kuliko za mtu mwingine yeyote humo ndani.

Mirija ya plastiki ya Boston

Kitu si lazima kiwe homoni ndipo kifanye kazi ya homoni. Kinachotakiwa ni kukubaliwa na kipokezi. Hili lilionekana wazi katika maabara ya Ana Soto na Carlos Sonnenschein, Chuo Kikuu cha Tufts, Boston. Walikuwa wakikuza seli za saratani ya titi ziitwazo MCF-7, ambazo huongezeka zikipata estrojeni. Majimaji ya damu ya kuzilishia yalichujwa kwanza kwa mkaa maalumu ili homoni zote zitoke. Ghafla seli zisizopewa estrojeni zikaanza kuongezeka sawa na zilizopewa. Walibadilisha kifaa kimoja baada ya kingine hadi wakafika kwenye mirija ya plastiki ya kuhifadhia majimaji yale. Mtengenezaji alikuwa amebadili mchanganyiko wa plastiki, na kemikali iitwayo nonilifenoli ikawa inavuja. Waliyatangaza matokeo mwaka 1991.

Nonilifenoli ni dhaifu mno ikilinganishwa na estrojeni ya mwili, na ushahidi wa plastiki kuleta saratani kwa watu haujafikia ule wa dietilistilbestroli. Hatusemi kwamba aliyekula wali uliofunikwa kwa nailoni atapata saratani. Tunasema kemikali za plastiki huhama zaidi panapokuwa na joto, mafuta na muda mrefu, na nailoni juu ya sufuria ya pilau ina vyote vitatu. Jani la mgomba au mfuniko mzito hubana mvuke vilevile. Maziwa ya mtoto yachemshwe kwenye sufuria, yapoe kidogo, ndipo yatiwe kwenye chupa; Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kemikali ya bisfenoli A kwenye chupa za watoto mwaka 2011.

Uzazi wa mpango na kunyonyesha

Swali la vidonge huulizwa kila mahali, nalo lina jibu. Vidonge vyenye estrojeni na projesteroni huongeza hatari ya saratani ya matiti kwa karibu asilimia 24 wakati mtu anavitumia, na ongezeko hilo hupungua hadi kwisha ndani ya miaka 10 baada ya kuacha. Kwa kijana ambaye hatari yake ya msingi ni ndogo, asilimia 24 ya kidogo ni kidogo. Vidonge hivyohivyo hupunguza saratani ya ovari na ya ukuta wa ndani wa kizazi. Mwenye historia ya saratani ya matiti asivitumie. Mwenye mama au dada aliyeugua aseme kliniki kabla ya kuanza. Kunyonyesha nako kunalinda: kila miezi 12 ya kunyonyesha, ukijumlisha watoto wote, hupunguza hatari kwa asilimia 4.3.

Pombe hupandisha estrojeni kwenye damu. Baada ya kukoma hedhi, mafuta ya mwili ndiyo yanayogeuka kiwanda cha estrojeni, hivyo unene wa umri huo una hatari ambayo unene wa ujanani hauna.

Kipimo kinachoharibikia njiani

Saratani nyingi za matiti zina vipokezi vya homoni, na hizo hutibika kwa kuinyima seli estrojeni. Lakini ni lazima vipimwe, na kipimo huharibika kabla kinyama, yaani kipande kilichokatwa kwenye uvimbe, hakijafika maabara. Protini ya kipokezi huanza kuoza mara tu kinyama kinapotoka mwilini. Kinatakiwa kiingie kwenye formalini, dawa ya maji ya kukihifadhi kisioze, ya asilimia 10 iliyosawazishwa tindikali, ndani ya saa 1, formalini iwe angalau mara 10 ya ujazo wa kinyama. Titi zima lililokatwa likitumbukizwa kwenye ndoo bila kupasuliwa vipande vyembamba, formalini haifiki katikati, na katikati ndipo uvimbe ulipo. Kikae humo kati ya saa 6 na 72. Kikiachwa wiki nzima kikisubiri basi la kwenda mjini, jibu laweza kurudi "hakuna vipokezi" wakati vilikuwepo, na mgonjwa akakosa dawa ya bei nafuu ambayo ingemsaidia. Asilimia 1 tu ya seli za saratani zikionyesha kipokezi cha estrojeni, jibu huhesabiwa kuwa chanya. Mgonjwa ana haki ya kuuliza saa kinyama kilipotolewa, na kama muda huo umeandikwa kwenye fomu.

Dawa yenyewe ni tamoksifeni, miligramu 20 kwa siku, kwa miaka 5 na wakati mwingine 10. Ikitumiwa miaka 5 hupunguza vifo kwa karibu theluthi moja. Muda ni mrefu kwa sababu aina hii ya saratani huacha seli zilizolala, ambazo huweza kuamka hata baada ya miaka 15. Wengi huacha mwaka wa pili wakijiona wamepona. Damu ikitoka ukeni baada ya kukoma hedhi, au mguu mmoja ukivimba na kuuma, nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa tamoksifeni huweza kuchochea ukuta wa kizazi na kugandisha damu. Isitumiwe na mjamzito.

Hatari moja hupita bila kuonekana. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hulifanya ini liivunje tamoksifeni haraka mno, na kiwango chake kwenye damu hushuka kwa zaidi ya asilimia 80. Dawa za kifua kikuu zisiachwe. Daktari wa saratani ndiye atakayepanga upya. Lakini kliniki hizi mbili mara nyingi haziko jengo moja, na kila moja ina kadi yake. Mgonjwa abebe kadi zote mbili, azionyeshe kote kuwili, siku ya kwanza kabla hajameza kidonge.