Tiba kwa Sanaa: Maana Yake Hasa

Tiba kwa sanaa ni njia ya kumsaidia mtu aliyeelemewa moyoni kwa kumpa nafasi ya kuchora, kupaka rangi, kufinyanga udongo au kubandika vipande vya karatasi, akiwa pamoja na mtaalamu aliyesomea matibabu ya nafsi na anayeijua vilevile kazi ya mikono. Maneno ya kushikilia hapo ni "akiwa pamoja". Ukichora peke yako chumbani ukapata utulivu, hiyo ni faraja, tena faraja njema. Inakuwa tiba pale anapokuwapo mtu wa pili anayejua kwa nini leo amekupa udongo badala ya kalamu, na la kufanya endapo kilichojitokeza kwenye karatasi kitakutisha.

Jina hilo halikuzaliwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, kama wengi wanavyodhani. Adrian Hill, mchoraji wa Uingereza, alilazwa kwa kifua kikuu mwaka 1938, na katika kipindi kile kirefu cha kupona akawa anachora vitu vilivyomzunguka. Alipoona jinsi kazi hiyo inavyomshikilia, akaanza kuwafundisha wagonjwa wenzake, na mwaka 1942 ndipo akalitumia jina la tiba kwa sanaa. Miaka minne baadaye Edward Adamson, naye mchoraji wa Uingereza, alianza kuendesha chumba cha uchoraji katika hospitali ya Netherne, kusini mwa London, na mwaka huohuo wa 1946 daktari Nise da Silveira wa Brazili, aliyekataa kuwatibu wagonjwa wake kwa mishtuko ya umeme, alifungua vyumba vya kuchorea na kufinyangia katika hospitali moja ya Rio de Janeiro.

Kinachofanyika ndani ya kipindi chenyewe ni kitu cha kawaida kuliko jina lake. Mtu anaketi mezani, na mara nyingi neno lake la kwanza ni kwamba yeye hajui kuchora. Mtaalamu habishani naye. Anaweza kumwomba apitishe kalamu ovyo juu ya karatasi, bila kuinua mkono na hata macho yakiwa yamefumbwa, kisha aigeuze karatasi huku na huku mpaka aone umbo fulani ndani ya ile mistari iliyovurugika, naye alikolezee rangi. Mbinu hiyo ni ya Florence Cane, mwalimu wa sanaa wa Marekani, na uzuri wake ni kwamba hakuna awezaye kuikosea.

Uchaguzi wa vifaa nao si wa kubahatisha. Penseli na kalamu za rangi hukaa pale ulipoziweka, kwa hiyo humfaa mtu anayehisi kwamba maisha yamemponyoka. Rangi za maji hutambaa zitakako na kuchanganyika zenyewe, na huweza kumfungulia aliyejibana, lakini huweza pia kummwagia mtu hisia nyingi kuliko anazoweza kuzibeba siku hiyo. Udongo una tabia yake: hupigwa, hubanwa, huraruliwa, na bado hukubali kufinyangwa upya. Hapa ndipo, kwa maoni yangu, ujuzi wa mwongozaji unapoonekana zaidi, kuliko katika maneno anayoyasema.

Wengi hufikiri kwamba mtaalamu huisoma picha kama mganga apigaye ramli: rangi nyeusi ni huzuni, mti usio na majani ni upweke. Si hivyo. Nyeusi inaweza kuwa ndiyo kalamu pekee iliyokuwa na wino. Adamson mwenyewe alijizuia kuzifasiri kazi za wagonjwa. Swali linalofaa ni la namna ya "Nieleze huyu aliyesimama pembeni," kisha kunyamaza, kwa kuwa mtu asiyeweza kusema "mimi" huweza kwanza kusema "huyu".

Kuhusu manufaa, utafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Drexel huko Marekani uliochapishwa mwaka 2016 uliwapa watu wazima 39 dakika 45 za kufanya sanaa, na takriban robo tatu yao wakapungukiwa na kotisoli, homoni inayoandamana na msongo wa mawazo, wenye uzoefu na wasio nao. Hata hivyo kundi lilikuwa dogo na halikulinganishwa na jingine, kwa hiyo haifai kulifanya tokeo hilo kuwa ushahidi wa kuponya sonona. Mgonjwa aliyeandikiwa dawa asiziache kwa sababu ameanza kuchora.

Akina mama wanaosuka ukili barazani huku wakitoana dukuduku wanajua jinsi mikono yenye kazi inavyolegeza ulimi, lakini mkeka una mteja na lazima uishe vizuri. Kazi ya kipindi cha tiba haina mteja wala haipewi alama. Kwa kawaida huhifadhiwa kwenye jalada kwa siri, kama yahifadhiwavyo maelezo ya mgonjwa, na mwenyewe ndiye anayeamua kama ataichukua nyumbani, ataiacha hapo, au ataichana.