Kazi ya chuoni Marekani si bumu

Barua ya msaada wa fedha kutoka chuo cha Marekani mara nyingi huwa na mstari wa kazi ya chuoni, tuseme dola 2,400. Mzazi wa Dodoma anaijumlisha na ufadhili mwingine, anaitoa kwenye ada, anaona pengo limezibika. Hesabu inaharibikia hapo.

Hiyo 2,400 si bumu la kuingia kwenye akaunti chuo kikifunguliwa. Ni kikomo cha mshahara unaoweza kuupata kwa mwaka, ukipata kazi na ukiifanya. Kwa dola 12 kwa saa, ni saa 200. Kwa wiki 30 za masomo, kama saa 6 na dakika 40 kila wiki, ukipanga vitabu maktaba au ukiosha vyombo bwaloni. Ada inadaiwa kabla ya masomo kuanza. Mshahara unakuja baadaye, kidogo kidogo, mara nyingi kila baada ya wiki mbili. Kwa hiyo mimi huutoa kabisa kwenye hesabu ya ada. Uwe wa sabuni, vitabu, nauli na koti zito (baridi ya Dodoma ya mwezi wa saba si mazoezi ya kutosha).

Halafu soma jina la mstari huo. Likiwa Federal Work-Study, huo ni mpango ulioanza kwa sheria ya 1964, na hulipwa kwa sehemu kubwa na serikali kuu ya Marekani. Uhitaji hupimwa kwa FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa fedha wa serikali hiyo, na wanaostahili ni raia, wakazi wa kudumu na makundi machache kama wakimbizi. Mwenye F-1, viza ya mwanafunzi wa kigeni, hayumo. Ukiliona jina hilo na wewe unaenda kwa F-1, iandikie ofisi ya msaada mapema: wakilifuta baada ya wewe kufika, pengo ni lako.

Kazi zinazolipwa na chuo chenyewe F-1 inaziruhusu, mwisho saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea. Ukiwa na kazi mbili, saa zinajumlishwa. Saa ya 21 inaweza kukupotezea hadhi ya uanafunzi nchini humo, na msimamizi wako wa bwaloni halazimiki kukukumbusha.

Na kwenye usaili wa viza Dar es Salaam usiseme ada utailipa kwa kazi. Fedha zilizoandikwa kwenye I-20, fomu unayopewa na chuo kwa ajili ya viza, ziwe na chanzo kinachoonekana siku hiyo.

Ukifika, tafuta kazi kwanza, namba ya hifadhi ya jamii (Social Security) baadaye. Mwenye F-1 asiye na kazi hapewi namba hiyo. Subiri angalau siku 10 tangu uingie nchini, kisha nenda ofisi ya Social Security na pasipoti, I-20, I-94 (rekodi ya kuingia kwako nchini), barua ya mwajiri yenye sahihi na barua ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Maombi ni bure. Barua ya mwajiri ndiyo husahaulika, na bila hiyo unarudishwa mlangoni.