Je, wajua kwa nini jokofu la gesi hulemewa na joto safarini?

Barabara kuu ya Stuart, inayoikata Australia kutoka Port Augusta hadi Darwin kwa zaidi ya kilomita 2,700, hupita Coober Pedy, mji ambao wakazi wake wengi wamechimba nyumba zao chini ya ardhi ili kuliepuka joto. Wasafiri wengi huipita wakikokota karavani, yaani nyumba ndogo ya magurudumu inayofungwa nyuma ya gari, na mwezi Januari joto la huko huvuka nyuzi 40 mara kwa mara. Hapo ndipo maziwa huchacha ndani ya jokofu ambalo moto wake wa gesi unawaka vizuri kabisa, na mwenye karavani akadhani limeharibika. Mara nyingi ni zima, ila limeshindwa kulitoa joto lake nje.

Kazi ya jokofu ni kuhamisha joto: hulichota kwenye chakula na kulimwaga nje. Jokofu la gesi, lililobuniwa mwaka 1922 na wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, hufanya kazi hiyo bila mota wala pampu. Nyuma yake kuna mabomba yaliyozibwa yenye amonia, maji na haidrojeni. Moto mdogo huchemsha amonia iliyoyeyushwa majini, mvuke wake ukapanda hadi kwenye mapezi ya chuma, ukapoa na kuwa kimiminika, kisha kimiminika hicho kikashuka kwenye mabomba ya ndani, ambako hugeuka tena kuwa mvuke kwa kuchukua joto la chakula. Mvuke huo humezwa na maji na safari huanza upya. Kwa kuwa kimiminika hushuka kwa uzito wake chenyewe, karavani ikiegeshwa kwenye mteremko ubaridi hupungua.

Shida iko kwenye yale mapezi. Amonia haiwezi kuwa kimiminika ikiwa hewa inayoyapita haina nafasi ya kupokea joto zaidi. Nje pakiwa na nyuzi 42, hewa iliyobanwa kati ya mgongo wa jokofu na ukuta unaopigwa na jua huwa na joto kubwa zaidi, na ukiweka mkono kwenye tundu la juu la kutolea hewa wakati wa alasiri utadhani uko mbele ya tanuri. Wahudumu wa zahanati za vijijini Afrika Mashariki waliowahi kutunza chanjo katika jokofu la mafuta ya taa wanaifahamu tabia hii, kwani mtambo ni wa aina hiyohiyo, na chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8.

Jokofu la kompresa, yaani lenye pampu ya umeme, hushindilia gesi yake mpaka iwe na joto kuliko hewa ya nje, kwa hiyo joto hupata njia ya kutoka hata mchana wa jua kali. Kwa nchi za joto mimi ningechagua hilo bila kusita, mradi hesabu ya umeme ifanywe kabla ya kununua. Tuseme linavuta ampea 4 linapofanya kazi, na joto linalilazimisha kufanya kazi saa 16 kwa siku: hizo ni ampea-saa 64. Betri ya risasi ya ampea-saa 100, ambayo haifai kutumiwa zaidi ya nusu, haitatosha bila paneli ya jua.

Kabla ya kuuliza jokofu linabeba lita ngapi, soma herufi zilizo kwenye kibandiko: N ina maana jokofu limetengenezwa kwa mazingira yasiyozidi nyuzi 32, ST 38, na T 43. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha herufi hiyo usimpe fedha.

Aliye na la gesi tayari anaweza kufunga feni ndogo ya volti 12 karibu na tundu la juu, ili hewa ya moto isukumwe nje, na kuegesha karavani ili ukuta wa jokofu usielekee magharibi. Aliwashe siku moja kabla ya safari, na alijaze vyakula vilivyokwisha kupozwa nyumbani.