Akiba na Eneo la Kukusanyia Oda: Dhana Potofu Zinazochelewesha Magari

Ghala la msambazaji wa bidhaa za madukani (sabuni, biskuti, mafuta ya kula, dawa ya meno) lina maeneo mawili yenye kazi tofauti. Kwenye eneo la akiba, paleti nzima (majukwaa ya mbao yaliyopangwa katoni) hupangwa kwenye raki mpaka juu. Kwenye eneo la kukusanyia oda, mtu hupita na toroli akichukua katoni mojamoja. Magari yakichelewa kutoka asubuhi, lawama huwaangukia wakusanyaji, wakati tatizo mara nyingi liko kwenye namna mzigo unavyohamishwa kutoka eneo moja hadi jingine.

Dhana: Nafasi ya kukusanyia ijazwe ikishaisha.

Ukweli: Ikishaisha, umechelewa. Mkusanyaji akikuta nafasi tupu atasimama kungoja foklifti (gari la kuinulia mizigo), ataruka bidhaa hiyo airudie baadaye, au atakwenda mwenyewe kufungua paleti ya akiba bila kumwambia mtu. Hili la mwisho ndilo baya kuliko yote. Paleti inabaki imepungua huku mfumo wa kompyuta wa ghala ukiisoma kuwa nzima, na kasoro inakuja kuonekana siku mteja wa paleti kamili anapopelekewa pungufu.

Kiwango cha chini hupigiwa hesabu. Tuseme sabuni ya unga hutoka katoni 18 kwa saa wakati wa pilika, na tangu taarifa itolewe hadi mzigo ufike ni dakika 40. Ndani ya dakika hizo zitatoka katoni 12. Ongeza nusu yake, katoni 6, kwa ajili ya foklifti kukwama au oda kubwa ya ghafla. Zikibaki 18, taarifa iende.

Hapo umepata nusu ya jibu. Nusu nyingine ni ukubwa wa nafasi. Ikiwa nafasi inabeba katoni 40 na paleti ina katoni 60 katika matabaka 6 ya katoni 10, paleti nzima haitaingia. Zinazobaki huachwa njiani, toroli hazipiti, na kesho yake hakuna anayekumbuka ni za nani. Shusha matabaka 2 tu: hata kama hakuna iliyotoka tangu taarifa, 18 na 20 ni 38, zinaenea. Lakini katoni 20 zinaisha kwa saa moja na dakika chache, kwa hiyo foklifti itarudi kila saa kwa bidhaa hiyo moja. Bidhaa ya kasi hiyo ipewe nafasi mbili za paleti sakafuni, zikiwa jirani: moja inakusanywa, nyingine imejaa. Ya kwanza ikiisha, jukwaa lake tupu la mbao linaondolewa na paleti mpya inaletwa, huku kazi ikiendelea kwenye ya pili kwa zaidi ya saa tatu.

Na ujazaji mkubwa ufanyike kabla ya zamu kuanza, kwa kuangalia oda zilizokwisha kuingia. Ule wa katikati ya zamu ubaki kuwa wa dharura.

Dhana: Bidhaa inayouzwa kwa wingi ndiyo ikae karibu.

Ukweli: Hesabu ni mara ngapi mtu anaifuata, si katoni ngapi zinatoka. Mteja mmoja wa jumla akichukua mifuko 200 ya sukari, hiyo ni safari moja, tena haipaswi hata kugusa eneo la kukusanyia: paleti kamili zitoke akiba moja kwa moja hadi mlango wa kupakilia. Dawa ya meno inayoagizwa na maduka 35, katoni moja kila duka, inafuatwa mara 35. Hiyo ndiyo ikae karibu, katika kimo cha kati ya kiuno na bega. Vitu vizito vikae chini kidogo ya hapo, vinavyofuatwa kwa nadra viende juu au mwisho wa njia. Pitia mpangilio huu kila msimu. Vinywaji na daftari za shule havitoki kwa kasi ileile mwaka mzima.

Dhana: Kilichoingia kwanza kikitoka kwanza, inatosha.

Ukweli: Kwa chakula, vipodozi na dawa, kinachotazamwa ni tarehe ya mwisho wa matumizi. Mzigo uliofika leo unaweza kuisha muda kabla ya ule wa mwezi uliopita, hasa ukitoka kwa muuzaji mwingine. Anayejaza asiweke katoni zinazochelewa kuisha muda juu au mbele ya zinazowahi, na bechi mbili (mizigo ya uzalishaji tofauti) zisichanganywe katika nafasi moja. Raki za mteremko, zinazojazwa kwa nyuma na kuchukuliwa kwa mbele, husaidia, ila hazisomi tarehe. Zinatoa kwa mpangilio uleule mliojazia.

Dhana: Kumbukumbu zitaingizwa jioni.

Ukweli: Kuanzia paleti inaposhushwa hadi jioni, mfumo unaamini bado iko akiba. Mkusanyaji ataambiwa bidhaa haipo huku ameisimamia. Skani mara mbili: inapotolewa kwenye raki, na inapowekwa kwenye nafasi mpya. Katikati isomeke kuwa iko njiani, ili mfumo usimgawie mtu.

Dhana: Foklifti ikiwa na dereva makini, inaweza kujaza huku watu wakikusanya.

Ukweli: Katoni ikiponyoka kwenye kimo cha mita tano, umakini wa dereva haumwokoi aliye chini. Funga njia kwa mnyororo wakati wa kushusha, pamoja na njia ya upande wa pili wa raki hiyo, kwa sababu paleti ikisukumwa kupita kiasi huangukia huko. Na mtu asipandishwe juu ya uma za foklifti kwenda kuchukua katoni mbili zilizopungua. Paleti ndiyo ishushwe.